Mto Naili Haukuvumbuliwa

Walimu wenzangu, katika vitabu vingi visomwavyo madarasani mwetu imo sentensi isemayo: "Speke alivumbua chanzo cha mto Naili mwaka 1862." Wanafunzi huikariri, watahini huiuliza, na sisi walimu wa Kiswahili tukiikuta katika insha hukagua tahajia na upatanisho wa kisarufi, kisha tukaipitisha. Makala haya yanadai kuwa sentensi hiyo ni kosa. Tena si kosa la somo la historia peke yake. Ni kosa la somo letu, kwa sababu limo ndani ya kitenzi.

Tuanze na maana. Kuvumbua ni kukitoa hadharani kitu kilichofichika. Je, mto huu ulikuwa umefichika kwa nani? Waganda na Wasoga waliishi kingoni mwake, wakivua samaki, wakivuka kwa mitumbwi, na kuuita Kiira. Ziwa ambalo mto unatokamo Waganda waliliita Nalubaale. Wajaluo wa ng'ambo ya pili wakaliita Nam Lolwe. Maporomoko ya mahali maji yanapoliaga ziwa, Waganda waliyaita Mawe. Speke mwenyewe aliliandika jina hilo katika kitabu chake, na papo hapo akayabandika maporomoko yale jina la Ripon, bwana mmoja wa Uingereza. Mji wa Jinja unalihifadhi jina la zamani hata leo, maana kwa Kiganda jinja ni jiwe. Kitu chenye jina hakikuwa kikimngojea mvumbuzi.

Pili, tutazame jinsi Speke alivyofika. Mwaka 1857, huko Kazeh karibu na Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwasimulia Burton na Speke habari za ziwa kubwa lililoko kaskazini. Kwa kufuata habari hizo Speke alifika Mwanza Agosti 1858 na kuliona ziwa. Katika safari yake ya pili alikuwa naye Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani India, kisha akarejea Afrika. Katika baraza la Kabaka Mutesa wa Kwanza, maneno ya Speke yalipokewa na Bombay, yakageuzwa Kiswahili, na mkalimani wa pili akayatia katika Kiganda. Ruhusa ya kwenda mtoni ilitoka kwa Kabaka, na watu wa Kabaka ndio walioongoza njia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata Speke akasimama mbele ya Mawe tarehe 28 Julai 1862.

Basi lugha yetu inayo dawa ya ugonjwa huu, nayo ni mnyambuliko wa vitenzi. Speke aliambiwa, aliruhusiwa, aliongozwa, alifikishwa, alionyeshwa. Kila kimoja cha vitenzi hivi kinadai mtenda. Mwanafunzi akiandika "Speke alionyeshwa", mwenziwe hana budi kuuliza: alionyeshwa na nani? Hapo Snay, Bombay, Mutesa na watu wake hurudi katika historia waliyofutwa kwa neno moja. Akiandika "alivumbua", hakuna aulizaye.

Wapo watakaotupinga kwa kusema kwamba wenyeji waliujua mto wao, lakini hawakujua kuwa ndio uendao Misri. Kwamba Speke ndiye aliyeunganisha mambo hayo mawili. Hoja hii ina uzito, wala hatuikatai yote. Rai ya Speke ilikuwa sahihi. Lakini hakuufuata mto wote, na Burton alimpinga waziwazi. Speke akafariki Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wao katika mji wa Bath. Ni mwaka 1875, Stanley alipolizunguka ziwa, ndipo rai ile ilipopata nguvu. Aliyekisia sawasawa apewe sifa ya kukisia sawasawa; asipewe mto.

Isitoshe, hata neno "chanzo" katika umoja wake lina walakini. Ndani ya ziwa humiminika mto Kagera, ulioyakusanya maji ya milima ya Rwanda na Burundi. Huko Khartoum, Naili Nyeupe itokayo kwetu hukutana na Naili ya Buluu itokayo Ethiopia, na sehemu kubwa ya maji yafikayo Misri hutoka katika milima ya Ethiopia. Mto wenye urefu wa kilomita zipatazo 6,650, ambao bonde lake lagusa nchi 11, hauwezi kufungwa katika jiwe moja la Jinja.

Wengine watasema: "Hilo ni neno tu." La! Neno hilo limezaa hati. Aliyejiita mvumbuzi alitoa majina. Waliotoa majina wakachora ramani. Wenye ramani wakaandika mikataba. Mwaka 1929 Uingereza na Misri ziliafikiana kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza pasijengwe juu ya mto wala maziwa yake kitu chochote cha kudhuru masilahi ya Misri, ila kwa idhini ya Misri. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Nchi za huku juu hazikutengewa hata kikombe. Serikali ya Tanganyika ilikataa mwaka 1962 kufungwa na mkataba wa 1929. Hata hivyo, ilichukua hadi Mei 2010 kwa mkataba mpya kuanza kutiwa saini Entebbe, na hadi Oktoba 2024 kuanza kutumika, Misri na Sudan zikiwa nje yake.

Kutoka kilima chetu cha Makindye ziwa laonekana. Ghuba iliyo mbele yetu ingali ikiitwa Murchison, kwa jina la rais wa jumuiya ya wanajiografia wa London, mtu ambaye hakupata kutia mguu hapa. Huko Ggaba, katika ghuba hiyohiyo, huchotwa maji yaingiayo mabombani mwa Kampala. Mtoto wa Makindye anywa maji ambayo, yasingechotwa, yangeshuka Jinja na kushika njia ya kaskazini. Tukimfundisha kuwa mto huo ulivumbuliwa na mpita njia, tumemfundisha kuwa yeye ni mgeni wa maji yake mwenyewe.

Bwawa la Owen Falls, ambalo mwaka 1954 liliyazamisha yale Mawe, sasa laitwa Nalubaale, na jirani yake laitwa Kiira. Majina yamekwisha kurudi katika mitambo ya umeme. Yamekawia kurudi darasani.

Wapo pia hapa Uganda wanaokibeza Kiswahili kuwa ni lugha ya kambini. Tuwakumbushe kuwa mwaka 1862 habari za mto huu zilipita katika baraza la Kabaka kwa Kiswahili. Lugha iliyokuwa shahidi wa jambo haifai kulitolea ushahidi wa uongo.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tufanye mambo matatu. Tukikuta "alivumbua" katika insha, tuikate na kumtaka mwanafunzi ataje aliyeonyesha njia. Tufundishe majina Kiira, Nalubaale na Nam Lolwe pamoja na yale ya ramani. Na wale miongoni mwetu watungao mitihani waache kuuliza nani alivumbua, waulize nani alijua. Wino mwekundu u mikononi mwetu, wala hauhitaji idhini ya mtu.