Mkono Upi Usiofanya Kazi?

Mwanamke akienda kuwekewa kijiti cha kupanga uzazi huulizwa swali moja: wewe hutumia mkono gani? Akisema wa kulia, kijiti kinaingia kushoto. Nia ya swali ni njema, kwamba mkono wa kazi usisumbuliwe. Lakini lilete huku Kericho na Bomet, umuulize mama aliyetoka shambani na kikapu mgongoni, utaona limekosa jibu.

Mchunaji chai hana mkono wa kupumzika. Majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili inatembea juu ya kichaka kwa pamoja, viganja vikijaa majani yanarushwa nyuma juu ya bega hadi kikapuni. Kulia inarusha, kushoto inarusha, asubuhi hadi jua lielekee kuzama. Anayekujibu “mimi ni wa kulia” anakwambia habari ya kalamu na kijiko. Hajakwambia habari ya kazi inayomlisha, ile inayolipwa kwa kilo.

Ninachodai ni hiki. Kabla ya kuchagua mahali pa kuweka kifaa ndani ya mwili wa mtu, mwili huo ujaribiwe ukifanya kazi yake. Mama ainue mikono, aonyeshe anavyochuna na anavyorusha, aonyeshe mkanda wa kikapu unamkalia wapi. Aulizwe bega gani linauma. Nesi aguse mikono yote miwili, ndipo achague.

Wacha niseme mapema, maana najua nitasomwa vibaya: sipingi kijiti. Mimi mwenyewe ninacho. Tangu 2013, kampuni zinazovitengeneza zilipokubali kushusha bei kwa karibu nusu kwa nchi kama zetu, vimewafikia wanawake ambao zamani walikuwa wakipiga foleni ya sindano kila miezi mitatu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watano walioolewa Kenya anatumia vipandikizi. Jambo linalogusa watu wengi hivi si la kufanywa kwa mazoea.

Tena mahali pa kijiti si amri iliyoshuka mlimani. Hebu angalia historia yake. Kile kijiti kimoja cha sentimita 4 kilikuwa kikiwekwa upande wa ndani wa mkono, karibu na ule mfereji ulio kati ya msuli wa mbele na msuli wa nyuma. Ndani ya mfereji huo hupita mishipa mikubwa ya damu pamoja na neva zinazoshuka hadi vidoleni. Kukatokea visa, vichache lakini vya kweli, vya neva kuumizwa, na vingine vya kijiti kuingia kwenye mshipa wa damu na kukutwa mapafuni. Wataalamu wakarudi kuuchunguza mkono upya. Februari 2020 mamlaka ya dawa ya Uingereza ikawaandikia wahudumu wake: sogezeni, wekeni juu ya msuli wa nyuma, sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye kifundo cha ndani cha kiwiko, na sentimita 3 hadi 5 nyuma ya ule mfereji. Marekani ilikuwa imeshabadilisha maelekezo yake 2018. Hata namna ya kulala kitandani ilibadilika: kiwiko kikunjwe, kiganja kiwe chini ya kichwa, ili neva isogee mbali na sindano.

Kwa hivyo mahali palipimwa, pakaonekana pana walakini, pakahamishwa. Vizuri sana. Lakini neno moja halikuguswa: mkono usiotumika sana. Hilo limebaki kama lilivyokuwa, kana kwamba wanawake wote duniani hufanya kazi kwa kalamu.

Mtaniambia ninadai makubwa. Kwani ni makubwa? Mgonjwa wa figo anayetayarishwa kwa kusafishwa damu hufungwa mpira mkononi mishipa isimame, mapigo yake hubonyezwa, na kukiwa na mashine mishipa hutazamwa kwa picha kabla ya daktari kuamua mkono upi ufanyiwe upasuaji. Anayetolewa utumbo kwenye ngozi ya tumbo, akipata huduma nzuri, huchorewa alama kabla ya upasuaji: aketi, asimame, ainame, waone mkunjo unaangukia wapi na mshipi wa nguo unapita wapi. Na huko Marekani mtu anayewekewa kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo, akiwa mwindaji, daktari makini humuuliza anaegemeza bunduki bega lipi, ili kifaa kiwekwe upande wa pili. Mwindaji anaulizwa habari za bunduki yake. Mama wa Konoin haulizwi habari za kikapu chake. Hapo ndipo ninapokasirika.

Nitatoa mfano wangu, ila kliniki sitaitaja. Mimi huandika kwa mkono wa kulia. Lakini bega langu la kulia lilichoka miaka mingi iliyopita, basi shambani kazi ya kurusha nimeihamishia kushoto. Nesi aliuliza, “Mama, unaandikia mkono gani?” Nikamjibu, nikaanza kumweleza habari ya bega. Akasema, “Mama, watu wamejaa nje.” Kijiti kikaingia kushoto, yaani kwenye mkono uleule ninaoutegemea. Hakikuwa kimewekwa vibaya, nakigusa hadi leo pale chini ya ngozi. Lakini wiki hiyo mkono ulikuwa na doa jeusi, bandeji inasugua kifuani kila nikirusha, na kilo zangu zikashuka. Nesi alifuata kanuni sawasawa, na kanuni ikafanya kinyume cha nia yake.

Na si bega langu peke yake. Ingia laini yoyote ya wafanyakazi jioni, uliza nani hana mahali panapouma. Wafanyakazi wa Kericho wamefikisha madai ya kuumia mgongo na viungo hadi mahakamani Edinburgh, huko Uskoti. Chai huuchosha mwili, na huuchosha upande mmoja kuliko mwingine. Upande upi, hutaujua kwa kuuliza habari za kalamu.

Sasa nijibu wanaopinga. Wa kwanza watasema nesi yuko peke yake na foleni imefika barabarani. Ni kweli, na simlaumu nesi. Lakini kijiti hicho kitakaa miaka 3 au zaidi. Dakika mbili za kutazama mkono ukichuna haziwezi kuwa ndizo zinazoangusha kliniki. Kama zinaiangusha, basi kaunti iongeze manesi. Mwanamke asilipie upungufu huo kwa mkono wake.

Wa pili watasema maneno haya yatatia wanawake hofu, waache kupanga uzazi. Jamani, hofu tayari iko. Vichakani tunachuna tukiongea, na hadithi ya kijiti kilichosafiri mwilini tumeisikia sote. Mimi sisemi kuchuna chai kunahamisha kijiti. Kujikuta mbali na pale kilipowekwa ni nadra, na kinga kubwa ni kukiweka juujuu chini ya ngozi, kisha nesi na mama wakiguse wote wawili palepale kabla hajashuka kitandani. Mama mwembamba ambaye mkono wake hauna mafuta ndiye anayehitaji uangalifu zaidi, maana kutoka kwenye ngozi hadi kwenye msuli si mbali. Sasa utamjuaje bila kuugusa mkono kwanza? Mwanamke aliyeguswa, akaulizwa, akaeleweka, ndiye atakayemtuliza mwenzake kesho vichakani.

Kwa hivyo naomba mambo yanayowezekana. Kadi ya kliniki tayari ina mahali pa kuandika kijiti kiko mkono gani. Iongezwe mstari mmoja: kazi ya mama ni ipi, na mkono gani anauegemea kazini. Zahanati za mashambani, ambazo wateja wao karibu wote ni wachunaji, zianze hata kesho bila kungoja Nairobi. Mama aambiwe pia kwamba kidonda kinatakiwa kikae kikavu siku kadhaa, naye apange siku yake akijua, kwa sababu umande wa asubuhi wa Kericho na mvua yake ya alasiri havijui bandeji.

Na nyinyi mama zangu na dada zangu, mkiulizwa mnaandikia mkono gani, msijibu hilo tu. Simameni, mwonyesheni nesi mnavyochuna. Jani la chai likifika kituoni humwagwa, likakaguliwa, likapimwa, na likiwa baya likarudishwa. Mkono uliolichuna nao ukaguliwe.