Fundi, weka wembe chini

KITI CHA MBELE
Na Zuhura Mbwana

Shangazi yangu ana kimashine cha MP3 kinachoenea kiganjani, hukifunga kwenye pindo la kanga pamoja na pesa zake. Humo mna usiku mmoja wa kesha la harusi ya binti yake, na sauti inayoongoza nyimbo ni ya marehemu bibi, mama yake mzazi. Nakala nyingine hakuna. Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka Tanga. Hatujafika hata Kibaha akafungua pindo, akaniambia, “Mwanangu, hebu mtie bibi yako kwenye redio tumsikie wote.”

Nikashindwa.

Redio yangu ina kioo kikubwa, ina Bluetooth, ina tundu la flashi. Kimashine cha shangazi kina tundu moja tu la kutolea sauti, lile la hedifoni la milimita 3.5. Ni tundu la zamani lakini halina masharti: pini huku, pini kule, sauti inapita. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani ilikuwa na tundu kama hilo karibu na gia, limeandikwa AUX. Tundu bado lipo. Nyuma yake hakuna kitu, maana waya wake ulikatwa mimi nikiwa nimesimama pale pale, pesa ya fundi mkononi.

Naikumbuka siku hiyo. Fundi alifungua dashibodi, akatoa redio ya Kijapani, zikaonekana soketi mbili nyeupe, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Akachukua wembe. Kufumba na kufumbua soketi zote mbili ziko chini vumbini, na yeye anaunga waya kwa waya kwa kufuata rangi na kuzungushia tepu nyeusi. Lakini rangi za nyaya za kiwandani si zile za redio ya dukani. Kwenye redio nyingi za dukani, waya wa njano hubeba umeme wa kudumu, hata ufunguo ukiwa mfukoni, na ndio unaoitunzia redio kumbukumbu. Mwekundu huamka unapozungusha ufunguo. Mweusi ni hasi. Wa njano ukiungwa mahali pa mwekundu, redio inasahau stesheni kila unapozima gari. Zote mbili zikiungwa kwenye umeme wa kudumu, redio haizimiki na ufunguo, na asubuhi unakuta betri imekwisha. Mimi yalinipata ya kwanza, na juu yake spika ya nyuma kushoto ikanyamaza. Waya wa AUX, kwa kuwa fundi hakuona mbele ya redio mpya mahali pa kuuchomeka, akaukata akauacha unaning’inia.

Sababu ya kung’oa redio hizi naielewa. FM ya Japani inaanzia 76, na kwa miaka mingi iliishia 90, siku hizi 95. Zetu ziko kati ya 88 na 108. Unanunua gari zuri, unawasha redio, unapata stesheni mbili tatu na mlio wa mvua. Kwa hilo peke yake dawa ipo: ekspanda, kidude kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kuyateremsha masafa, kwa mfano ya 100 ukayakuta kwenye 80. Redio inabaki, AUX inabaki. Zipo pia redio ambazo betri ikitolewa tu zinajifunga na kudai kadi ya ramani, kwa Kijapani. Hiyo ing’olewe, sina ubishi nayo.

Ninachopigania ni kwamba kung’oa redio si kukata soketi. Kuna soketi ya kugeuza: upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari kama ilivyotoka kiwandani, upande wa pili unaungwa na nyaya za redio mpya. Gari haliguswi na wembe. Kesho ukitaka kurudisha redio ya awali, unachomoa, unachomeka. Bei yake ni ndogo mno mbele ya bei ya redio yenyewe, na mwenye duka anayekuuzia redio bila kukutajia soketi hii amekuuzia kazi nusu. Nawe mwenye gari, ukiona wembe umetoka, sema. Gari ni lako.

Tulipofika Chalinze nilinunua moduleta, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kurusha sauti kwa FM hadi kwenye redio yako. Nikatafuta masafa matupu, nikayapata, sauti ya bibi ikaja imefunikwa na mchakacho. Mbele kidogo stesheni ya watu ikaingia juu yake na mahubiri. Nikahama masafa, nikahamishwa tena. Mwendo huo huku naendesha ni hatari, nikasimamisha gari pembeni na kuizima. Shangazi akafunga kimashine kwenye pindo bila kusema neno. Kutoka hapo hadi Segera hatukuongea sana.

Tanga nilielekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima. Kabla ya kushika bisibisi aliniuliza, “Redio ya zamani iko wapi? Na soketi zake?” Nilipomweleza, alitikisa kichwa tu. Akaivuta redio mpya, akaigeuza mgongo, akanionyesha matundu mawili, jekundu na jeupe, yameandikwa AUX IN. Yalikuwapo tangu siku ya kwanza. Akachomeka waya wenye pini ya milimita 3.5 upande wa pili, akaupitisha chini ya dashibodi hadi karibu na gia. Wa njano na mwekundu akazipima kwa taa moja moja ndipo akaziunga upya. Nusu saa.

Akanipa na mambo mawili ambayo tangu hapo nayafuata. Sauti ya kimashine pandisha karibu na mwisho, ya redio iwe chini. Ukifanya kinyume unakuza mchakacho. Na ukisikia mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta, chomoa chaja ya kimashine kwenye tundu la sigara. Chaja na waya wa AUX vikishika hasi kwa njia mbili, kelele ya alteneta inapenya kwenye spika. Tulijaribu hapo hapo: chaja ndani, mlio, chaja nje, kimya.

Jioni hiyo nikakopi kesha lote kwenye kompyuta na kwenye flashi mbili, shangazi amekaa ubavuni ananichunga. Kisha tukaingia garini, akachomeka pini mwenyewe. Miaka yote amekuwa akisikiliza peke yake kwa hedifoni ya sikio moja, nami sikuwahi kumuuliza kuna nani humo. Tukazunguka Raskazone taratibu, vioo juu, naye ananitajia majina: huyu wa ngoma ni jirani, huyu aliyekosea mstari ni mke wa mjomba. Kisha akanishika mkono uliokuwa kwenye gia.

“Kigelegele hicho, umekisikia? Ni mama yako.”