Kilele si Mwisho

Jumapili hii tutazame kitenzi cha Kiingereza kinachopendwa mno na wanafunzi na wasoma risala: "culminate". Wengi hukitumia kana kwamba maana yake ni kuisha tu. Sivyo. Asili yake ni neno la Kilatini "culmen", yaani kilele. Wataalamu wa nyota hukitumia nyota inapofika juu kabisa angani.

Sisi wa Kisumu tuna mfano mlangoni petu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Ziwa Victoria mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence siku hizo. Ziwa liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Lakini kabla ya kuteremkia Muhoroni na Kibigori, reli ilikuwa imepanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500. Basi mwisho wake wakati huo ulikuwa Kisumu, kilele chake kikiwa Mau.

Je, mtu akisema kuwa ujenzi ule "culminated in" kufika ziwani, amekosea? La. Yeye anazungumzia kazi, wala si mwinuko. Jasho la miaka mitano lilizaa tunda lake hapa. Kitenzi hiki hutaka hivyo: mambo yapande hatua kwa hatua, kisha "in" ituonyeshe yalikofikia. Hata jambo baya linafaa. Ugomvi wa mpaka wa shamba waweza "culminate in" kesi mahakamani.

Jihadhari zaidi matangani, ambako wasifu wa marehemu mara nyingi husomwa kwa Kiingereza. Kijana akiandika kuwa maisha ya babake "culminated" hospitalini, amewaambia waombolezaji kwamba kitanda cha wagonjwa ndicho kilichokuwa kilele cha mzee. Mvuvi aliyesomesha watoto wanane kwa samaki wa Dunga hastahili maneno hayo. Andika wazi kwamba alifariki. Kisha waulize mama na shangazi ni siku gani mzee alifurahi kuliko zote. Huenda ni siku kitinda mimba alipopata kazi ya ualimu. Hapo ndipo pa kukitumia kitenzi chako, na jamaa wote wataitikia kwa kichwa.