Chuo Kisichaguliwe kwa Jina

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme na wanachama wenzangu juu ya jambo litusumbualo kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yatokapo. Kijana apenda uchumi na hisabati. Mzazi ni karani, na akiba yake ni haba. Ampeleke chuo gani?

Wengi wetu twauliza kwanza kama chuo kina sifa. Nami nalifanya hivyo. Mwanangu wa kwanza nalimpeleka chuo chenye jina kubwa, kwa fedha za mkopo. Alisoma uchumi miaka mitatu, walakini hisabati aliyofundishwa ilikuwa ya muhula mmoja tu. Alipoomba kusomea shahada ya pili alikataliwa kwa upungufu huo. Deni lile ningali nalilipa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi yafaa tuombe orodha ya masomo ya kila mwaka, tuikague kama tukaguavyo daftari za ofisi. Je, mna kalkulasi, aljebra na takwimu, tena kwa zaidi ya mwaka mmoja? Ni za lazima au za hiari? Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, leo ina shahada ya uchumi utumiao hesabu. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chafundisha uchumi pamoja na takwimu. Njia zipo kwa atafutaye.

Tumkumbuke W. Arthur Lewis wa St Lucia. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akawa karani wa serikali, mwenzetu kabisa. Mwaka 1932 alishinda msaada wa masomo. Alitaka uhandisi, lakini alijua kwao mhandisi mweusi hataajiriwa. Akaenda London School of Economics kusomea shahada ya biashara, ambayo ndani yake mlikuwa na uchumi kidogo na takwimu. Uchumi hakuujua kabla ya hapo. Aliukuta katika orodha ya masomo. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi.

Kwa hiyo naomba chama chetu kikusanye orodha za masomo na ada za vyuo, ziwekwe katika chumba chetu cha kusomea, ili mzazi asome kabla ya kulipa.

Ni mimi,
Karani Mzazi