VPN Umewasha, Lakini Brauza Yako Bado Inaweza Kukuchomea

Novemba 2023 Telegram ilipoanza kusumbua Kenya wakati wa KCSE, wasee wengi wakageuka mafundi wa VPN. Novemba 2024, stori ni ile ile. Na katikati hapo, Juni 25, 2024, siku waandamanaji waliingia Bunge, intaneti ikayumba nchi nzima. Siku hizi ukiwasha VPN unajiona umepotea kabisa kwa rada. Si hivyo, manze.

Wajua vile unabonyeza linki ya Google Meet kwa kompyuta na uko ndani, hakuna apu ya kudaunlodi? Hiyo ni kazi ya WebRTC. Google ilifungua kodi yake kwa kila mtu 2011, na Januari 2021 ikapitishwa rasmi kuwa kiwango cha wavuti. Iko ndani ya Chrome, Firefox, Safari na Edge, uitumie usiitumie.

Sasa cheki. Ili brauza mbili ziongee moja kwa moja, kila moja lazima ipatie mwenzake anwani yake ya IP, vile wewe hutumia msee wa boda pin ndio akuletee chakula. Kwa hivyo brauza yako inauliza seva fulani inayoitwa STUN: "Unaniona nikitokea wapi?" Seva inajibu na IP.

Januari 2015, Daniel Roesler alionyesha kwamba saiti yoyote, na mistari michache tu ya JavaScript, inaweza kufanya brauza yako iulize hilo swali kimyakimya. Hujapigia mtu simu, hujaombwa ruhusa ya kamera. Na kwa VPN zingine swali lilipitia nje ya VPN, likarudi na IP yako ya ukweli.

Tangu hapo mabrauza yamejaribu kuficha IP ya ndani, ile ya WiFi ya keja. Lakini yenye inakuchomea ni ya nje, na hiyo inategemea VPN yako. Zile za kubandika ndani ya brauza, hasa za bure, ndizo za kuchunga zaidi: nyingi hupitisha kurasa za wavuti tu, na WebRTC hutumia njia tofauti.

Mwenye saiti akipata IP haoni mlango wako. Anaona kampuni ya mtandao na labda mji. Lakini hiyo kampuni inaweza kujua ni laini gani, na laini ulisajili na kitambulisho.

Kwa hivyo pima. Tafuta saiti ya kupima WebRTC, angalia IP VPN ikiwa imezimwa, halafu iwashe urudie. Ukiona ile ile, hiyo VPN ni pambo. Kwa Firefox ya kompyuta, andika about:config, tafuta media.peerconnection.enabled, uifanye false. Simu za ndani ya brauza zitakataa, so wekea Meet brauza yake tofauti. Tor Browser wao hata hawakubembeleza, huja bila WebRTC.