Ujirani Haumo Katika Hesabu ya Fidia

Katika Bahari ya Pasifiki lipo taifa dogo liitwalo Tuvalu: visiwa 9, watu 10,000 na ushei, ardhi isiyoinuka ila mita chache juu ya bahari. Maji ya chumvi huingia katika mashimo wanamolima pulaka, zao linalofanana na magimbi yetu. Mwaka 2023 Tuvalu ilitia sahihi mkataba na Australia, unaowaruhusu watu hadi 280 kwa mwaka kuhamia huko. Mkataba huo umepewa jina la Falepili, neno lao la kale la ujirani mwema na wajibu wa kutunzana.

Neno hilo latugusa sisi wa Ilala. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi, zikiwemo za Jangwani, zikapelekwa Mabwepande. Viwanja zilipewa. Lakini mama aliyezoea kutoka Jangwani alfajiri kwa miguu, akanunua nazi na ndizi Kariakoo na kuzimaliza kabla ya adhuhuri, angetoa wapi nauli ya kwenda na kurudi? Nani angemwangalizia mtoto, ilhali jirani wa ua mmoja kapelekwa kwingine? Baadhi walirudi bondeni, tukawaita wakaidi. Naam, hata sisi viongozi wa walei tuliwaita hivyo.

Hatusemi watu wabaki majini. Bonde lile huua, na mvua haina huruma na maskini. Lakini mthamini hupima kuta na kuhesabu milango. Hapimi baraza wanapoketi wazee jioni, wala upatu wa akina mama, wala daftari la mwenye duka akopeshaye unga hadi mwisho wa wiki. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, hivyo ndivyo utajiri wake wote.

Tangu Benki ya Dunia iidhinishe mradi wa Bonde la Msimbazi mwaka 2022, wengine wamelipwa fidia na kuondoka. Wamekwenda wapi? Jumuiya ndogo ndogo zinazopakana na bonde hazina budi kuwatafuta, Wakristo kwa Waislamu, wapangaji kwanza, na kuandika ni nani aliyetenganishwa na nani. Orodha hiyo ipelekwe kwa wenye mradi kabla nyumba nyingine haijawekewa alama ya X.