Mkeka usitunyang'anye dakika tisini

INGIA kibanda umiza chochote pale Ifakara jioni ya wikiendi, kisha usitazame runinga. Watazame wanaotazama. Zamani macho yote yalikuwa kwenye mpira. Siku hizi wengi wameinamisha shingo kwenye simu. Bao likifungwa, jamaa hashangilii kwanza, anachungulia mkeka. Timu yake inaongoza mabao matatu lakini amenuna, kwa sababu aliweka kwamba mabao hayafiki matatu. Pembeni yake kuna mwingine anaomba kona. Kona moja tu! Mpira mzuri unapigwa mbele yake, yeye hauoni.

Hilo ndilo linalotusumbua. Kila anayezungumzia kubeti huzungumzia pesa inayopotea. Ni kweli inapotea, na tutalisema hapa bila kumung'unya maneno. Lakini kuna kitu kingine kinachopotea ambacho hakiandikwi kwenye mkeka, nacho ni mechi yenyewe.

Tukumbuke mpira umetupa nini. Machi 24, 2019, Taifa Stars iliichapa Uganda mabao 3-0 na kufuzu AFCON baada ya miaka 39. Mei 28, 2023, Yanga ilicheza mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Ikafungwa 2-1 Dar es Salaam, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mei 25, 2025, ikawa zamu ya Simba, sare ya 1-1 na RS Berkane pale Zanzibar baada ya kufungwa 2-0 Morocco.

Mechi za nyumbani za fainali zote mbili ziliangukia Mei, mwezi ambao Bonde la Kilombero linaingia kwenye mavuno ya mpunga. Watu wanatoka shambani mgongo umekufa ganzi, matope hadi magotini, wanakaa kwenye benchi la mbao, na kwa dakika tisini wanasahau kila kitu. Vikombe vyote viwili hatukuvipata. Lakini muulize mwana Yanga au mwana Simba yeyote alikuwa wapi siku ile, alikaa na nani, nani alilia. Atakusimulia mpaka chai ipoe. Ile siku ni yake, hakuna wa kumdai.

Sasa muulize mtu huyohuyo mkeka wake wa wiki tatu zilizopita ulikuwa na timu gani. Hakumbuki. Atakachokumbuka ni timu moja "iliyomchania", na hata hiyo ataisema kwa hasira.

Tuje kwenye hesabu, maana mashabiki wetu ni watu wa takwimu. Chukua mkeka wa mechi kumi. Tuseme kila timu uliyoichagua ni nzuri, ina nafasi 60 kati ya 100 ya kushinda, na kampuni inalipa mara 1.5. Unaona mteremko. Lakini mkeka unataka zote kumi zishinde kwa pamoja, na nafasi ya hilo ni kama mara 6 katika kila 1,000. Wakicheza watu 1,000, kila mmoja na mikeka yake tofauti ya Sh1,000, wameweka Sh1 milioni. Watakaoshinda ni kama sita, na kila mmoja atapata Sh57,000 na ushee. Jumla haifiki hata Sh350,000. Zaidi ya Sh650,000 zimebaki kwa mwenye duka, na hajamwibia mtu. Ndivyo biashara yenyewe ilivyopangwa.

Halafu picha ya mmoja wa wale sita inasambazwa kwenye magrupu, "mwana katiki". Wale 994 hawapigwi picha.

Kuna watakaotuambia kwamba mkulima wa Kilombero naye anacheza kamari kila mwaka. Mvua ikizidi, mto unapanda na kumeza shamba. Mvua ikikatika, mpunga unakauka. Kwelea kwelea wakitua, umekwisha. Tunalielewa hilo. Lakini mkulima ana jembe. Akipalilia kwa wakati, nafasi yake inaongezeka. Akiamka alfajiri kufukuza ndege, inaongezeka tena. Kwenye mkeka huna jembe. Ukeshe ukichambua timu za Norway, mchezaji wa kule hajui kama upo, na akikosa penalti hata pole hatakupa.

Na lipo jambo jingine ambalo watu wa bonde wanalijua kuliko sisi wa mjini. Kila mwaka kuna mwenye pesa anayepita mashambani mpunga ungali kijani. Mtoto anadaiwa ada, mama anaumwa, basi mkulima anauza mazao yakiwa bado shambani. Mavuno yakija, magunia si yake. Anavuna, anapura, anapepeta, mwingine anabeba. Bei ilipangwa na shida, haikupangwa na soko. Wazee wanakataza kuuza hivyo kila msimu, na kila msimu wapo wanaouza kwa kukosa pa kukimbilia.

Mkeka ni biashara ya namna ileile. Asubuhi, refa hajapuliza filimbi, tayari umeshauza jioni yako. Bao la dakika ya 89 lililopaswa kukurusha juu limekuwa msiba kwa sababu limeharibu tiketi. Ila kuna tofauti moja, na ni mbaya. Aliyeuza mpunga mbichi angalau alishika pesa mkononi. Wewe umetoa mechi yako, na juu yake umelipa.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kutafuta pesa ni dhambi. Anayeacha ya leo yajiendee bila kuwaza kesho, masika yatamkuta hana akiba. Kijana anayebeba magunia, anayeendesha bodaboda kuvuka Daraja la Magufuli kwenda Lupiro usiku, anatafuta, na tunamheshimu. Tunachosema ni kwamba pesa ina saa zake na mpira una saa zake. Ukizichanganya, pesa hupati na mpira huuoni.

Wala hatujifanyi hatujui pesa ya kubeti imefanya nini kwenye soka letu. Mwaka 2022 Yanga ilisaini na SportPesa mkataba wa miaka mitatu wa zaidi ya Sh12 bilioni, na Simba ikasaini na M-Bet wa miaka mitano wa Sh26.1 bilioni. Mishahara imelipwa, wachezaji wamesajiliwa, Serikali imepata kodi. Hata kurasa za michezo magazetini hubeba matangazo ya kampuni hizo, na tungekuwa wanafiki tukikaa kimya kuhusu hilo. Ni biashara halali. Lakini uhalali wake una mipaka, na mpaka wa kwanza ni umri. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, hata kama ana simu ya kaka yake na namba ya siri anaijua.

Kwa hiyo tuna maneno kwa kila mmoja.

Wenye vibanda umiza: mnawajua watoto wa mtaani kwenu kwa majina. Mtoto akija kutazama mpira, mpeni nafasi mbele aone vizuri. Akija kuomba mtu amwekee mkeka, mrudisheni kwao. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha haiwezi kukaa kila uchochoro wa Kibaoni. Nyinyi mpo.

Klabu kubwa: jina la mdhamini mmelibeba kifuani miaka mingi. Mwambieni basi shabiki ukweli kwa sauti ileile mnayomwambia anunue jezi, kwamba kubeti si kazi, na pesa ya ada si ya kuwekea mkeka.

Na wewe shabiki: hatukuambii uache leo leo, maana tunajua hutatusikia. Tunakuomba mechi moja. Chagua moja kwa wiki, ile ya timu yako ya moyoni, usiiwekee hata jero. Simu iweke mfukoni. Kaa na watu, bishana na jirani kuhusu namba sita, piga kelele, kasirika, cheka. Au nenda uwanja wa kijijini wanapogombea mbuzi baada ya mavuno, kule ambako kipa ni fundi baiskeli na straika ametoka kuvuna asubuhi. Hakuna kampuni inayoweka bei ya mechi ile, na pengine ndiyo maana watazamaji wake bado wanaangalia mpira.

Mavuno ya mpunga yanasubiri miezi. Pesa inasubiri, wakati mwingine haiji kabisa. Bao halisubiri. Likiingia umeinama kwenye simu, utaoneshwa marudio, lakini ile kelele ya kwanza ya watu wote kunyanyuka kwa pamoja hairudiwi.